Kariakoo si ya kununulia jinzi tu

Najua nimeadimika, msinirushie mawe. UE zilinikaba koo, na ile wiki ya mwisho sikuwa na hamu hata ya kula, sembuse kuandika. Sasa zimekwisha, matokeo tunamwachia Mungu na wahadhiri, na mimi nimerudi hapa na dukuduku moja lililonikaa rohoni wiki mbili sasa. Leo nalitoa lote. Jaza chai, kaa vizuri.

Chanzo ni mgeni. Muhula huu kwenye semina yetu tulikuwa na dada mmoja kutoka Italia, alikuja kwa ule mpango wa kubadilishana wanafunzi. Kiswahili chake cha kuokoteza lakini bidii anayo. Siku moja tumekaa cafeteria na wali maharage wetu, akauliza: "Nina Jumamosi mbili kabla ya kuondoka. Niende wapi hapa Dar?"

Mezani tulikuwa sita. Wa kwanza akasema nenda Zanzibar. Wa pili akasema Serengeti. (Serengeti! Kwa Jumamosi moja!) Wa tatu Mlimani City. Wa nne akasema aende beach akapige picha. Mimi, mtu ninayesoma historia kabisa kwenye makaratasi ya chuo, nikatikisa kichwa nikasema eti Mlimani City kuna kiyoyozi.

Dada wa watu akacheka. "Sijauliza Zanzibar. Nimeuliza Dar." Akatuambia kwao ni Firenze, mji ambao dunia nzima inaenda kupanga foleni kwenye lile kanisa kuu na makumbusho ya Uffizi. Yeye mgeni wake hampeleki kwenye foleni. Anampandisha basi la mji hadi Fiesole, kilima kilicho juu ya mji, kuna magofu ya ukumbi wa michezo ya Warumi, wanakula mkate wao pale wanautazama mji kwa chini, jioni wanarudi. "Na nyie mgeni wenu mnampeleka wapi?"

Kimya. Mwenye kuchokonoa meno akachokonoa, mwenye simu akaishika simu.

Sasa mimi nasema hivi, na mnaruhusiwa kunipinga: sisi wanafunzi wa Mlimani tunaishi Dar kama abiria. Tunashuka Kariakoo tunanunua jinzi na chaja, tunapanda gari tunarudi. Tunakwenda Posta kufuatilia cheti, tunarudi. Miaka mitatu au minne inakatika, tunavaa joho, tunaondoka, na mji wenyewe hatujauona hata siku moja. Halafu tunalalamika kwamba Tanzania haina utalii wa ndani. Utalii wa ndani ni nani kama si mimi na wewe?

Baada ya aibu ile nilijipa adhabu. Jumamosi iliyofuata nilimchukua yule dada na rumeti wangu, tukatembea kwa miguu kutoka Kariakoo hadi Ferry. Nauli ya daladala kwenda na kurudi, maji, na samaki wa mchana, basi. Nawaelezeni tulivyopita ili na nyie mpite.

Tulianza Lumumba. Wengi mnaujua Mtaa wa Lumumba kwa sababu ya ofisi ndogo za CCM na kwa sababu daladala zinapita karibu. Mnajua pia, kama mlisikiliza darasani, kwamba TANU ilizaliwa hapo tarehe 7 Julai 1954, wakati mtaa ukiitwa New Street, kwenye nyumba ya chama cha Waafrika kilichoanzishwa mjini humu mwaka 1929. Lakini ni wangapi mnaojua kwamba na chuo chetu kilizaliwa mtaa huohuo? Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Chuo Kikuu kilianza kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kitivo kimoja tu cha sheria, wanafunzi hawazidi kumi na tano, ndani ya jengo la TANU, Lumumba. Huku kilimani tulihamia mwaka 1964. Yaani hii "The Hill" tunayojidai nayo ilianzia uswahilini, jirani na wauza kanga na wauza mihogo.

Nilipomwambia rumeti alibisha. Akasema nimetunga. Tulibishana hapo barabarani mpaka mama mmoja muuza maji akatuuliza kama tunagombana. Rumeti yuko mwaka wa tatu, jamani. Simcheki, maana hata mimi nililijua hilo mwaka wa pili, tena kwa bahati, kwenye kitabu nilichokuwa natafutia kitu kingine.

Kutoka hapo tukaingia Kariakoo yenyewe, na hapa naomba niende polepole kidogo kwa sababu pana jambo langu binafsi.

Mimi kwetu ni Ruangwa, Lindi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na hadithi fupi sana kuhusu babu yake. Alikuwa anasema: "Babu yangu alikwenda kariakoo, hakurudi." Basi, inaishia hapo. Sisi wajukuu tukiwa wadogo tulikuwa tunacheka kwa siri. Tuliona mzee alikwenda Dar kununua vitu sokoni akapotelea mjini, labda akaoa mwanamke wa Kizaramo akasahau nyumbani. Nimekua nikiamini hivyo. Nimefika chuo nikiamini hivyo.

Mwaka wa pili mhadhiri akafundisha Vita Kuu ya Kwanza Afrika Mashariki. Akaandika ubaoni: Carrier Corps. Akasema Waingereza waliwachukua watu wa nchi hizi kubeba mizigo ya jeshi kichwani, risasi, unga, machela za majeruhi, maana magari hayakupita na wanyama walikufa kwa mbung'o. Wajerumani nao walifanya hivyohivyo upande wao. Wapagazi walikufa makumi kwa maelfu, na wengi hawakufa kwa risasi, walikufa kwa kuhara, malaria, nimonia na njaa. Kambi yao mjini Dar es Salaam, baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916, ilikuwa pale uswahilini, penye jengo la soko ambalo Wajerumani walilijenga na vita vikaanza kabla halijatumika. Midomo yetu ikaligeuza Carrier Corps kuwa Kariakoo. Nairobi nao wanayo ya kwao, wanaiita Kariokor.

Nilikaa pale darasani nikaacha kuandika. Kumbe bibi hakuwa anasema jina la soko. Alikuwa anasema jina la kazi. Babu yake alichukuliwa mpagazi.

Sasa ingia Kariakoo na masikio hayo usome vibao vya mitaa. Mtaa wa Mahiwa. Mtaa wa Narung'ombe. Mtaa wa Tandamti. Sisi tunasema "nguo nimeitoa Narung'ombe" kama vile ni neno la biashara. Wadau, hayo ni majina ya sehemu za Lindi kulikopiganwa vita hivyo mwaka 1917: Narung'ombe mwezi Julai, Tandamti mwezi Agosti, Mahiwa mwezi Oktoba. Mahiwa ilikuwa moja ya mapigano mabaya kuliko yote katika vita vile Afrika Mashariki. Narung'ombe ipo Ruangwa kwetu. Nimewahi kupita nikiwa mtoto juu ya lori la ufuta.

Kwa hiyo mtu wa kwetu akija Dar kununua mzigo anatembea ndani ya ramani ya vita vilivyoua watu wa kwao, na hajui. Na hakuna anayemwambia. Tulizunguka mitaa hiyo mitatu karibu saa nzima tukitafuta kibao chochote cha maelezo, hatukuona. Narung'ombe tulikuta wazee wamekaa barazani na kahawa na kashata. Tukaamkia, tukakaribishwa, tukanunua vikombe vitatu. Nikauliza: "Mzee wangu, hili jina Narung'ombe limetoka wapi?" Akasema, "Mwanangu, mimi nimezaliwa hapa nimelikuta. Ni jina la mtaa tu." Mwenziwe akadakia kwamba yeye alisikia ni mahali huko kusini kwa Wamwera. Nikamwambia ndiyo, ni kwetu, nikawaeleza na vita. Walisikiliza kweli. Yule wa kwanza akakataa kupokea hela ya kahawa. Akasema, "Leo umenipa jina la mtaa wangu."

Mimi kwa hilo tu, siku ilikuwa imeshalipa.

Halafu kuna jengo la soko lenyewe. Tumezoea kuliona kama mahali pa kukwepa vibaka. Lakini inua macho utazame lile paa: zege limesimama kama miavuli mikubwa, nguzo kama mashina ya miti. Aliyelichora ni Mtanzania, Beda Amuli, kijana wa wakati huo, na Mwalimu Nyerere alilifungua tarehe 8 Desemba 1975. Ukisoma habari za majengo utakuta linatajwa na wataalamu wa nchi za mbali. Sisi tunalitaja tukiibiwa simu. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 liliungua, wafanyabiashara wakapoteza mali, serikali ikaingia kulikarabati na kujenga jengo jingine pembeni. Siku ile ya moto nilikuwa bado sekondari. Nakumbuka watu walililia mali, na walikuwa na haki kabisa. Sikumbuki mtu aliyelililia paa.

Na tukiwa Kariakoo tusijifanye hatujui: tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka katika mitaa hiyohiyo na kuua watu wengi. Naleta hilo kwa sababu moja. Kuutazama mji si anasa ya wazungu wenye kamera. Anayezoea kutazama majengo ndiye anayeuliza maswali: hili lina umri gani, limejengwaje, nani ameruhusu wachimbe chini yake? Asiyetazama anaulizia bei tu.

Kwa mashabiki wa mpira: Msimbazi kuna nyumba ya Simba, Jangwani kuna nyumba ya Yanga, na ukitembea haraka unatoka moja kwenda nyingine kabla jezi haijaloa jasho. Yanga ya 1935, Simba ya 1936. Rumeti ni Simba, akagoma kupiga picha Jangwani. Tukamwacha na msimamo wake.

Tukatoka Kariakoo tukavuka Mnazi Mmoja. Mnaona pale ni uwanja wa kupumzikia na kusubiri watu. Ule uwazi haukuwa bahati mbaya. Wakoloni waliugawa mji: Uzunguni huku baharini, Uhindini katikati, Uswahilini Kariakoo, na Waingereza wakaacha Mnazi Mmoja wazi kutenganisha Uhindini na Uswahilini. Uwanja wa kutenganisha watu ndio baadaye ukawa uwanja wa mikutano ya TANU, na sasa una mnara wa Mwenge wa Uhuru. Hapo yule dada alisimama muda mrefu kuliko mahali popote. Aliuliza kama watu wanalijua hilo. Nikamwangalia rumeti. Rumeti akaangalia viatu vyake.

Kutoka hapo shika Barabara ya Uhuru hadi Mnara wa Saa, ule uliowekwa kukumbuka Dar kuwa jiji mwaka 1961. Ukipenda, chepuka kwanza kulia kwako na kushoto kwako mitaa ya Uhindini: Jamhuri, Kisutu, Indira Gandhi. Kuna nyumba za ghorofa mbili tatu zenye mwaka na jina la familia vimeandikwa kwa juu, roshani za mbao, mahekalu, misikiti, vitumbua, kachori. Zinapungua. Kila ukipita unakuta moja imezungushiwa mabati, na ukiona mabati ujue linakuja ghorofa la vioo. Sisemi tusijenge maghorofa, mji lazima ukue. Nasema tujue tunachokibomoa kabla hatujakibomoa.

Mnara wa Saa unakushusha stesheni ya reli ya zamani, reli ambayo ilianza kujengwa hapa mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914, na hapo umeshika Sokoine Drive. Nyoosha. Utakutana na Boma la Kale, jengo la mawe ya matumbawe na mlango wa kuchonga, la miaka ya 1860. Huyo ni Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, aliyeamua kujenga mji mpya jirani na kijiji cha Mzizima. Alikufa 1870 mji haujakamilika, mdogo wake Barghash hakuwa na hamu nao, ukakaa hivyo mpaka Wajerumani walipokuja na kuufanya makao yao makuu mwaka 1891 badala ya Bagamoyo. Kwa hiyo hata wale wanaosema "haya majengo ni ya mkoloni, yanatuhusu nini" wangoje kidogo. Boma hilo limemtangulia Mjerumani. Mawe yametoka kwenye bahari yetu, na nyumba za namna hiyo boriti zake ni mikoko, na waliozijenga ni mafundi wa pwani hii. Humo ndani miaka ya 2010 kilianzishwa kituo cha urithi wa majengo ya Dar es Salaam, kwa hiyo ukienda usiishie mlangoni.

Mbele kidogo kuna Nyumba ya Atiman, ya zama hizohizo za Majid, baadaye ikawa ya Mapadre Weupe. Atiman ni nani? Adrian Atiman alikuwa mtoto wa Afrika Magharibi aliyetekwa na kuuzwa utumwani, akakombolewa na mapadre, akasomeshwa udaktari huko Malta, akaletwa Karema, Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, akatibu watu hapo mpaka alipofariki 1956. Miaka sitini na zaidi! Wanafunzi wa Muhimbili mnaosoma hapa, huyo ni mtu wenu.

Halafu yanafuata makanisa mawili ambayo kila mtu anayajua kwa sura, St. Joseph la Wakatoliki na Azania Front la Walutheri, yote yalianza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1890. Sina la kuongeza, ila ingieni ndani, kuna ubaridi mzuri, na joto la Dar mnalijua.

Azania Front ukipandisha juu kidogo unakutana na Sanamu ya Askari. Hapa ndipo nilitaka kufika.

Wote tunaijua. "Nisubiri Askari Monument." Lakini kabla yake palikuwa na sanamu nyingine: Hermann von Wissmann, Mjerumani aliyezima upinzani wa Abushiri mwaka 1888 na 1889, Abushiri akanyongwa Pangani. Waingereza walipouteka mji wakaiondoa. Sanamu hiyo ikaishia Hamburg, mbele ya chuo kikuu cha kule. Na nani waliiangusha? Wanafunzi! Walijaribu 1967, ikarudishwa, wakaiangusha tena 1968 na haikusimama tena. Vijana wa Ujerumani walisoma historia ya pwani yetu wakakasirika, na sisi wenye pwani tunapita tukitafuta kivuli.

Hii iliyopo sasa ilizinduliwa 1927. Juu ni askari na bunduki yake, singe imeelekea bandarini. Chini kuna maandishi kwa Kiingereza, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu na kwa Kiswahili cha herufi hizi zetu. Yanawataja askari, na yanawataja pia wapagazi, kwamba hao ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Na yanaahidi kwamba wakifa, watoto wao watayakumbuka majina yao.

Nilizunguka sanamu ile yote. Hakuna jina hata moja.

Nikampigia bibi hapohapo, magari yanapiga honi. Nikamwamkia, nikamweleza nipo wapi. Nikamwambia kuna mahali mjini wamewaandika wapagazi. Akanyamaza, halafu akauliza: "Na babu yangu wamemwandika?" Nikamwambia hapana bibi, majina hawakuweka. Akasema, "Haya. Wewe umefika." Akaniuliza nimekula nini.

Sisi tukaenda Ferry kula samaki. Tulikaa upande wa upepo, tukala changu wa kukaanga kwa mihogo, na yule dada akasema hii ndiyo Fiesole yenu, ila ya kwenu ina samaki. Tahadhari mbili tu: karibu na Ikulu na bandari usitoe kamera ovyo, na watu wa sokoni omba ruhusa kabla ya kuwapiga picha, si wanyama wa mbugani.

Jumamosi ya pili alitaka nje ya mji. Mkitaka na nyie, safari za kwenda na kurudi siku hiyohiyo zipo tele. Kunduchi, nyuma ya kijiji cha wavuvi, kuna msikiti wa kale na makaburi ya minara yaliyopambwa kwa vyombo vya China. Pugu kuna vilima, msitu, na shule ambako Mwalimu alikuwa anafundisha mpaka alipojiuzulu mwaka 1955 kwa ajili ya TANU. Na Magomeni kuna nyumba aliyoishi, ndogo tu, utashangaa ilivyo ya kawaida. Kaole, kilomita chache kabla ya Bagamoyo mjini, kuna msikiti wa karne ya 13. Na tangu Juni 2024 treni ya umeme inakwenda Morogoro chini ya saa mbili, ilianza kwa nauli ya shilingi 13,000 daraja la kawaida, unautazama Uluguru asubuhi na kulala hosteli kwako usiku. Sisi tulichagua Kaole. Tulikuwa peke yetu na mlinzi na mbuzi wawili.

Sasa najua mtakayosema. Mtasema boom halitoshi kula, litatosha kutalii? Nimewaonyesha, matembezi yale yamenigharimu pungufu ya jinzi moja. Mtasema joto. Anzeni saa moja asubuhi. Mtasema serikali ndiyo iweke vibao, iwalipe waongozaji, itunze majengo. Nakubali, na ni jambo dogo: kibao kimoja Narung'ombe, kimoja Mahiwa, kimoja Tandamti, mistari mitatu kila kimoja. Kimoja Lumumba kinachosema chuo kikuu cha kwanza cha nchi hii kilianzia hapa. Bei yake haifiki ya semina moja ya hotelini. Lakini hata tukiwekewa vibao leo, nani atasoma kama macho yetu yako kwenye bei tu? Tuanze sisi. Klabu za chuo zinapeleka watu beach kila mwisho wa muhula. Ziwapeleke mara moja tu Kariakoo kwa miguu, muone.

Mji ambao wenyewe hawaujui unaweza kubomolewa mchana kweupe na hakuna atakayeuliza. Na watu waliokufa kwa ajili ya ugomvi usiokuwa wao wanaweza kubaki jina la mahali pa kuuzia suruali.

Jumamosi ijayo nakwenda tena. Saa moja kamili asubuhi, mbele ya jengo la Lumumba, viatu vya kutembelea na maji ya kunywa. Anayetoka mkoa wowote aje na swali moja la bibi au babu yake, tutalizungusha mtaani na kwa wazee wa kahawa. Rumeti ameshajiandikisha, ila Jangwani bado hapigi picha.

Nawasilisha.